Kumsoma Husserl nikiwa Lamu: vilivyonifaa na vilivyonilia bando

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Lamu, na shahada ya pili naisoma kwa mbali. Mwaka jana msimamizi wangu alirudisha pendekezo langu la utafiti akiwa ameandika pembeni neno moja kwa wino mwekundu: fenomenolojia. Ni falsafa ya kuchunguza mambo jinsi yanavyomjia mtu. Kwenye notisi tulizopewa za mbinu za utafiti neno hilo lilikuwa na aya mbili tu. Wahoji watu kumi hivi kuhusu waliyoyapitia, kisha tafuta yanayojirudia. Nikajiambia, kama ni hivyo basi wazee wote wanaokaa uwanja wa Mkunguni jioni ni wanafenomenolojia. Nikaamua kumtafuta mwenyewe aliyeianzisha, mwanafalsafa Edmund Husserl.

Nilianza vibaya. Nilichukua Ideas, kitabu chake cha 1913, kwa tafsiri ya Kiingereza ya 1931. Wiki tatu, kurasa ishirini, sikuambulia kitu. Kosa langu: nilitweka tanga kabla sijajua joshini wapi na demani wapi. Baada ya hapo nikaangukia tovuti moja iliyotaka dola kwa kila makala, na hata muhtasari wake haukufunguka mpaka bando likaisha.

Kilichoniokoa ni Stanford Encyclopedia of Philosophy. Ni ensaiklopidia ya falsafa ya mtandaoni, ni bure, ina makala ya Husserl peke yake na nyingine ya fenomenolojia, na kwa vile ni maandishi matupu, hufunguka hata mtandao ukichechemea. Nilizihifadhi kwenye simu nikawa nazisoma stima ikipotea. Huyu bwana alizaliwa 1859 huko Prossnitz, Moravia, na udaktari wake aliuchukua kwa hesabu, si falsafa! Hapo nikakaa vizuri. Anaposema tuuweke ulimwengu mabanoni, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Kilichomo ndani ya mabano hakijafutwa, kimetengwa tu. Hukanushi kwamba kitu kipo; unaliacha swali hilo kando ili utazame kinavyokujia.

Kiingereza cha makala hizo lakini ni kizito, tusidanganyane. Ndipo nikaagiza Nairobi kitabu cha Robert Sokolowski, Introduction to Phenomenology, cha mwaka 2000. Kwenye mashua, kati ya Mokowe kule bara na gati letu, kifurushi kiliingia maji, na aliyenikabidhi akataka nisaini kwamba nimepokea salama. Kurasa za mwisho ziligandana. Bahati, sura ya mchemraba ilikuwa kavu.

Sura hiyo nilisomea ufukweni. Anasema huwezi kuona pande zote za mchemraba kwa mara moja, na bado unachokiona ni mchemraba. Mbele yangu jahazi lilikuwa limetia nanga, ubavu mmoja umenielekea, umetoka kupakwa sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka vyombo, unang'aa. Nikamuuliza fundi aliyekuwa karibu, "Mzee wangu, pale waona nini?"

"Naona jahazi, mwalimu. Kwani wewe waona nini?"

Ndiyo hivyo. Hakuna anayeona nusu jahazi. Maji yalipogeuka, likazunguka kwenye nanga na ubavu wa pili ukaja: mbao tatu mpya, nyeupe, hazijaguswa na mafuta. Nilishtuka kidogo. Kumbe ubavu ule nilikuwa nimeshaujaza mwenyewe, nimeupaka na sifa, bila kuuona wala kuambiwa. Kurasa ishirini za Ideas hazikunipa hilo.

Wanaotaka kuzama zaidi, karatasi za Husserl ziko Leuven, Ubelgiji. Husserl alikuwa wa asili ya Kiyahudi, na alipofariki Freiburg mwaka 1938, Herman Van Breda, mtawa wa Kifransisko, alizivusha mpaka zisiangukie mikononi mwa Wanazi. Ni kurasa kama 40,000 za hati mkato. Mimi nilipita tu, kama apitavyo mtu mbele ya duka la dhahabu. Ningependa zaidi notisi zetu zimtaje mwanafalsafa Paulin Hountondji wa Benin, ambaye tasnifu yake ilikuwa juu ya Husserl. Kwa Kiswahili sikupata cha kusoma, nimekuwa nikijitungia maneno pembezoni mwa daftari.

Pendekezo nimeliandika upya. Kitabu bado ninacho, kimevimba kama mkate uliolowa chai. Anayekitaka aje tutoe kopi hapa hapa, maana hakipandi mashua tena.