Sigara: uikate mara moja au upunguze?

Barazani Mkunguni, Lamu, kwenye kahawa chungu, ubishi huu hauishi.

Kwa mfuko, kukata kunashinda, hilo halina mjadala. Anayepunguza huishia kununua mojamoja dukani, biashara ambayo sheria ya Kenya ya kudhibiti tumbaku ya 2007 imeikataza lakini ipo tu.

Mwilini ndipo penye maneno. Aliyekata huonja arosto: hasira, usingizi kuruka, kichwa kuuma. Siku 3 za mwanzo ndizo kali, kisha hulegea kwa wiki chache. Faida yake, monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, huisha damuni ndani ya siku moja au mbili. Anayepunguza hateseki sana, ila ile aliyobakiza huivuta kwa pupa hadi kwenye kichungi. Na hata sigara moja kwa siku hubakiza karibu nusu ya hatari ya moyo aliyo nayo mvutaji wa 20. Kupunguza bila tarehe ya mwisho, kwangu, ni kujidanganya.

Ukifunga Ramadhani bila kugombana na watu, jaribu kukata. Ukiamka tu mkono unapapasa kiberiti, panga tarehe, punguza, uulizie chingamu ya nikotini duka la dawa. Mjamzito au mgonjwa wa moyo aanzie kwa daktari.