Pesa ya shaba ya Mjerumani: uzoefu wangu kama mnunuzi

Anayetaka kuanza kukusanya sarafu za enzi za ukoloni Tanzania, ushauri wangu aanze na pesa, sarafu ndogo ya shaba ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Ninazo za miaka yote mitatu, 1890, 1891 na 1892, na sijaona sarafu nyingine ndogo iliyonifundisha mengi kiasi hiki.

Inajaa mkononi: karibu gramu 6.5, upana wa milimita 25 hivi. Ni kipimo cha robo ana ya India (ana 16 zilikuwa rupia moja), kwa kuwa pwani ilikwisha kuizoea rupia kabla Mjerumani hajafika. Pesa 64 zilikuwa rupia moja, hadi mwaka 1904 rupia ilipogawanywa kwa heller 100. Upande mmoja kuna tai na jina la kampuni kwa Kijerumani. Mimi hupenda zaidi upande wa pili: shada la majani, na ndani yake maandishi ya Kiarabu, "Sharakat Almaniya", yaani kampuni ya Kijerumani, pamoja na mwaka wa Hijria, 1307, 1308 au 1309. Kampuni ilijua kabisa kwamba wenye maduka wa pwani walisoma herufi hizo. Ya 1892 ndiyo inayonigusa kuliko zote, maana serikali ya Ujerumani ilikwisha kuchukua utawala tangu 1891, na bado shaba inaitaja kampuni.

Kinachoniudhi ni kusuguliwa. Muuzaji mmoja aliniletea pesa inayong'aa kama sufuria mpya, akaisifia kweli kweli. Nilimrudishia. Shaba ya umri huo inatakiwa iwe na rangi ya kahawia iliyotulia, na ikishasuguliwa rangi hiyo hairudi. Tazama kwanza manyoya ya kifua cha tai, ndiyo hulika mapema. Ukiona unga wa kijani unaobanduka, achana nayo, hiyo ni kutu inayoendelea kula. Ukishanunua, weka kwenye bahasha ya karatasi kavu. Mifuko ya plastiki laini huiharibu.

Sasa natafuta heller 20 za Tabora za 1916, zilizopigwa wakati wa vita kwenye karakana ya reli. Zipo za shaba nyekundu na za shaba ya njano. Nitaanza na nyekundu, mradi herufi T chini ya mwaka isomeke.