Refraktomita ya chumvi: miezi minne na tangi langu la samaki wa baharini la lita 60

Refraktomita ni kifaa cha kuchungulia kinachopima chumvi ya maji kwa mwanga. Kabla ya hii nilikuwa na kile kipimo cha plastiki chenye mshale. Asubuhi 1.023 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi), jioni 1.027, maji yaleyale! Kumbe viputo vya hewa vinaganda kwenye mshale na kuunyanyua. Nikaagiza refraktomita Kariakoo, elfu sabini, ikaja na basi hadi Mbeya.

Matumizi yake mepesi. Unadondosha matone mawili kwenye kioo, unafunika, unachungulia ukielekea dirishani. Pale bluu inapokutana na weupe ndipo unasoma. Mimi nalenga 35 (gramu za chumvi kwa kila kilo ya maji), sawa na bahari. Ila huku kwetu Juni, baridi ya Uyole unaijua, subiri nusu dakika tone lipate joto la kioo.

Sasa kasoro. Muuzaji alisema sawazisha kwa maji ya distili, basi. Sifuri ilikaa vizuri, lakini sikuridhika. Nikapima gramu 36.5 za chumvi ya mezani kwa mzani wa jikoni wa kidijitali (mke wangu alidhani napika), nikachanganya na gramu 963.5 za maji ya distili. Mchanganyiko huo unatakiwa usome 35. Ukasoma 33. Kumbe miezi yote hiyo samaki wangu wawili waliishi kwenye 37 nilipoamini ni 35! Nikakaza kiskrubu cha juu mpaka ikakubali.

Bisibisi yake ndogo imeshapotea. Nyota nne.