TAHADHARI wenye mbwa Mbeya: kuna mtu anachoma maji ya njano anasema ni chanjo

Jamani wa Mbeya mnaofuga mbwa na paka naombeni msome hii, naandika mikono inatetemeka kwa hasira. Mtoto wangu wa mbwa, Popi, amekufa. Jumatano alfajiri, kwenye boksi lake pale jikoni. Mliokuwepo siku namleta kutoka Tukuyu mnajua nilivyomhangaikia, sirudii.

Kliniki iko upande wa Mwanjelwa, jina nalipeleka panapohusika. Kinachoniua ni kwamba niliona kwa macho yangu. Popi alikuwa na wiki 8. Yule kaka kavaa koti jeupe limepigwa pasi, kipimo cha kusikilizia moyo kakining'iniza shingoni (hakikugusa kifua cha Popi hata mara moja, nimekuja kulikumbuka hilo jana usiku), akamkuna Popi chini ya kidevu, Popi katulia tuli, akaniambia "dada, huyu ana afya, leo tunamchoma zote mbili, parvo na kichaa, tunaonana mwakani." (Parvo ni ule ugonjwa wa kirusi unaowatapisha na kuwaharisha damu watoto wa mbwa.) Bomba la sindano akalitoa mfukoni mwa koti likiwa limeshavutwa tayari. Maji ya njano, njano kabisa kama mafuta ya alizeti. Niliyaona! Nikataka kuuliza nikaona aibu, nikasema huyu ndo kasoma. Nikatoa 40,000, akaandika kadi kwa peni ya bluu, akagonga muhuri, na mimi nikamshukuru.

Na msiniulize kwa nini nilimwamini. Ng'ombe wa majirani zangu anawatibu yeye, mama mwenye nyumba ndo alinielekeza, na kwa mvua ile ya wiki ile nani angezunguka na bajaji mpaka Uyole na mtoto wa mbwa kwenye kikapu?

Wiki ya tatu akaanza kutapika povu, kesho yake anaharisha damu, ile harufu imeng'ang'ania kwenye mapazia mpaka sa hivi. Nikampigia simu yule mtu, akasema ni minyoo tu mpe Flagyl, nikampa, siku nzima ikapotea hivyo. Ndo nikamkimbiza kwa daktari mwingine, mama mtu mzima, akapima akasema parvo, akamtundikia dripu, akaniambia ukweli kwamba hicho kirusi hakina dawa ya kukiua, ni kumsaidia maji apambane mwenyewe. Halafu akaomba kadi, akaigeuza mbele na nyuma. "Stika ya chanjo iko wapi mwanangu?" Hakuna. "Dawa ilikuwa rangi gani?" Njano. Akanyamaza kwanza, kisha akasema hiyo inaelekea ni multivitamini, ile ya ng'ombe.

Sasa fikirieni, na kichaa pia kaandika kachoma! Wanangu wawili wamecheza na yule mbwa wiki tatu, anawang'atang'ata vidole, na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakuna hospitali itakayokuponya. Huyu asipigwe faini, afungwe. Aliniangalia usoni akachukua hela huku anajua watoto watalala na mbwa ambaye hajachanjwa.

Yule daktari mama alinieleza mengi, nakumbuka haya: chanjo ya parvo ni vichupa viwili vidogo, kimoja unga mkavu kingine maji, vinachanganywa mbele yako, inatoka kwenye friji, na stika ya kichupa inabanduliwa inabandikwa kwenye kadi. Na moja haitoshi, inarudiwa kila wiki tatu nne mpaka afikishe wiki 16. Kichaa kwa kawaida ni kuanzia miezi 3. Na daktari lazima awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari, mwambie akuonyeshe cheti, akikasirika beba mbwa wako uondoke. Yule wangu ukutani ana picha za mbwa wa kizungu tu, cheti hamna. Wamfungie lile duka, tena leo, wasingoje kesho!

Uani nimemwaga Jiki ndoo nzima maana kirusi kinakaa kwenye udongo miezi na miezi, kwa hiyo mbwa mwingine mdogo hapa kwangu haingii kwa sasa, watoto wanauliza kila siku.

Uliyechanjisha pale, usisubiri, mpeleke kwingine akachanjwe upya, na kadi usiitupe, njoo inboksi. Jumatatu naenda kwa daktari wa mifugo wa jiji halafu polisi, kadi ya Popi iko kwenye mkoba. Tukifika watano hawawezi kuturudisha mlangoni.