Kulinda trekta lisiibwe: nunua nini kwanza, nini baadaye

Mvua ya kwanza ya msimu ule ilinyesha usiku wa Jumamosi, upande wetu wa Kongwa, Dodoma, Desemba ikiwa imeshaanza. Jua halijachomoza vizuri, watu watano walikuwa wameshafika kuomba kulimiwa. Dereva akapanda, akazungusha ufunguo, kimya. Alipofunua pale betri inapokaa alikuta nyaya mbili zinaning'inia. Hazikufunguliwa kwa spana, zilikatwa kwa kisu, na tone la asidi lilikuwa limebabua rangi ya ngazi. Betri hakuna. Kwenye plau, diski mbili hakuna. Trekta lenyewe limesimama palepale tulipoliacha.

Nilipoteza siku nne. Asiyelima kanda ya kati anaweza kuona siku nne si kitu, lakini huku mvua ni za msimu mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Mahindi, mtama na alizeti vinategemea unyevu ule wa mwanzo. Wale watu watano walienda kwa mwenye trekta mwingine, na sikuwa na la kuwalaumu.

Tukiwaza wizi wa trekta, wengi tunaona picha ya chombo kizima kikiendeshwa usiku kuelekea barabara kuu. Ndiyo maana mtu akipata hela kidogo anakimbilia kufunga GPS, kile kifaa cha kukuonyesha chombo kilipo. Wizi wa namna hiyo upo. Lakini huku vijijini mara nyingi nilichoona kikiondoka ni betri, dizeli, diski, taa, pampu ya maji, yaani kitu kinachobebeka begani au kwenye bodaboda na kuuzwa upesi, chuma chake kikiishia kwenye vyuma chakavu. Na GPS inakula umeme wa betri ileile ambayo mwizi ameshaondoka nayo. Kwa hiyo nimepanga vitu hivi kwa kuangalia kwanza kinachoibwa, halafu uimara wa kifaa, halafu mfuko.

Cha kwanza: sanduku la betri na kifuniko cha tangi chenye ufunguo

Hivi viwili nimeviweka juu kwa sababu vinagusa vitu vinavyoibwa zaidi, na gharama yake haifiki bei ya betri mpya. Sanduku usilitafute dukani, nenda kwa fundi wa kuchomelea akupimie. Mwambie atumie bati nene la milimita 3, mfuniko ushuke ndani ya ukingo ili mtaimbo usipate pa kuingilia, na sehemu ya kufuli iwe imezama ndani. Mwambie pia aache matundu ya hewa. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka kwa cheche, na sanduku lililozibwa kila upande ni hatari kuliko mwizi.

Kama anachomelea moja kwa moja kwenye trekta, nyaya za betri na za alternata zifunguliwe kabla hajagusisha waya. Nimeona alternata ikiungua kwa uzembe huo, na fundi akasema ilikuwa na ugonjwa wake wa zamani.

Kifuniko cha tangi kinataka umakini zaidi. Peleka kile cha zamani dukani ukakilinganishe mkononi, kwa sababu vipo vinavyoonekana kukaa vizuri lakini mtikisiko wa shamba unavilegeza. Angalia kama kina tundu dogo la hewa. Kisipokuwa nalo, dizeli ikipungua tangi linavuta hewa na kuikosa, injini inaanza kukosa mafuta katikati ya mtaro, na unaweza kuhangaika na chujio na pampu siku nzima kumbe ugonjwa ni kifuniko. Kumbuka pia kuwa tangi lina mdomo wa chini, ile nati ya kumwagia uchafu. Anayejua matrekta haendi juu. Fundi akuwekee kipande cha bati kinachoifunika.

Cha pili: mnyororo mgumu na kufuli la maana

Hapa ndipo watu wanapigwa zaidi. Mnyororo wa kufungia mbwa unauzwa kama mnyororo wa trekta, umepakwa rangi ya kung'aa, na muuzaji anakuhakikishia kuwa ni chuma cha pua. Mimi siku hizi naenda dukani na tupa ndogo mfukoni. Naomba ruhusa, nachagua pete moja, naisugua mara tatu. Tupa ikila na kuacha mkwaruzo unaong'aa, na unga wa chuma ukadondoka kwenye kiganja, ni chuma laini, mkasi wa nondo utakipitia. Tupa ikiteleza kama umeisugua kwenye kioo, hicho kimechomwa kikakomaa. Muuzaji anayekataa usiguse bidhaa yake na tupa ameshakujibu.

Unene: milimita 10 hautoshi, hata kikiwa kigumu. Anzia 13. Ukipata 16 utalalamika uzito wakati wa kuubeba, ila mkasi wa mkono hautaushinda. Grenda ya betri inakata vyote, hilo tusidanganyane, lakini grenda inapiga kelele na kurusha cheche, na usiku wa kijijini sauti inafika mbali.

Kufuli lifuate mnyororo. Chagua lile ambalo upinde wake umefichwa na mabega ya chuma, mwanya uwe mdogo kiasi kwamba mkasi hauingii. Kwa vumbi letu usilitie oili, kwani vumbi linaganda na mwezi wa pili ufunguo haugeuki. Saga risasi ya penseli, upulize unga wake kwenye tundu la ufunguo.

Kufunga nako kuna ufundi. Usukani si pa kufungia, unashikiliwa na nati moja. Pitisha mnyororo kwenye matundu ya rimu ya tairi la nyuma, uende hadi kwenye mhimili wa plau au trela, kisha kwenye nguzo ya chuma iliyozikwa kwa zege. Uvute ukaze, usilale chini, kwa sababu ukigusa ardhi mwizi anaweka mguu mmoja wa mkasi kwenye udongo na kukandamiza mwingine kwa uzito wa mwili wote.

Na trekta lilale nyumbani. Wazee wa Kigogo hawakulaza ng'ombe porini. Tembe lilijengwa likizunguka ua, mifugo katikati, watu pembeni wakisikia kila kwato. Trekta ni mali kubwa kuliko zizi zima la wengi wetu, lakini tunaliacha shambani kilomita 6 kutoka kwenye mlango wa karibu eti tuokoe dizeli ya kurudi.

Cha tatu: koki ya siri ya dizeli

Kwa trekta zima kuondoka, hiki ndicho nakiamini kuliko vyote. Watu hufunga swichi ya kukata umeme wa betri na kutulia. Swichi ni nzuri, funga, inaokoa hata nyaya zisiungue. Lakini injini ya dizeli ya kizamani yenye pampu ya kawaida ikishawaka haihitaji umeme, na hata betri ikiwa imekufa inawaka kwa kuburuzwa au kuachiwa mteremkoni. Funguo nazo si kitu cha kutegemea: matrekta mengi ya kampuni moja yanawashwa na ufunguo unaofanana.

Koki ndogo ya shaba kwenye bomba la dizeli, kati ya tangi na chujio, ikifichwa mahali mkono wako tu unapajua, inafanya kazi nyingine. Mwizi atawasha, atatembea mita kadhaa kwa mafuta yaliyobaki kwenye chujio na pampu, kisha injini inakata. Wakati huo bomba limeshaingia hewa. Hata akiiona koki na kuifungua, lazima atoe hewa: alegeze skrubu ya chujio, apige pampu ya mkono hadi mapovu yaishe, aende kwenye pampu kubwa, pengine na nati za sindano, kwa spana, gizani. Fundi mzoefu anaweza. Mtu mwenye haraka ataliacha hapo.

Kasoro yake ni kwamba dereva anayesahau kuifungua asubuhi naye atahangaika vilevile. Mimi nilizima injini kwanza ndipo nikafunga koki, kila jioni, hadi mkono ukazoea. Nunua ya shaba yenye kishikio kinachokaza, si ya plastiki, na usimwonyeshe kila fundi anayepita.

Cha nne: chapa

Ni rahisi kuliko vyote, na usingoje msimu. Ng'ombe wako ana alama, plau lako je? Nunua seti ya herufi za kugonga za milimita 8, zipo kwenye maduka ya vifaa vya mafundi. Gonga jina au namba ya simu kwenye fremu ya plau, chesisi ya trela, haro, bodi ya pampu ya maji. Betri ichore alama ubavuni kwa ncha kali, kwa uangalifu usitoboe. Piga picha kila alama pamoja na namba ya chesisi na ya injini, na nakala moja umwachie mtendaji wa kijiji. Mali ikikutwa kwa mtu, maneno yanakuwa machache. Wenye mashamba ya zabibu Hombolo na Mpunguzi, hili linawahusu kwa pampu na paneli za sola pia.

Cha tano: GPS

Siipuuzi, ninayo. Ila elewa unachonunua. Kifaa kinajua mahali kilipo kwa setilaiti, kisha kinakutumia taarifa kwa mtandao wa simu, kwa laini iliyo ndani yake. Shambani kusipokuwa na mtandao kinahifadhi safari na kuituma kikifika penye mnara. Kabla ya kulipa, nenda shambani na simu yenye laini mbili za kampuni tofauti, ukae pale trekta linapolala na pale linapolima, uone ipi inashika. Ukifanya kazi ya kukodisha hadi Kiteto, fanya hivyo na huko. Laini isajiliwe kwa jina lako, si la fundi, na uiwekee vocha, isije ikafungiwa kwa kukaa bila kutumika.

Sifa nne ninazozitaka: kiwe na betri yake ndani, kitume ujumbe umeme ukikatwa, kisiingie vumbi wala maji (tafuta alama ya IP67), na kitumie mtandao wa 4G kikiweza kurudi kwenye 2G. Uliza ada ya mwaka kabla ya bei ya kifaa, kwa sababu hiyo ndiyo utakayolipa miaka yote.

Fundi mmoja aliniambia, "Mzee, hili unalizima kwa simu ukiwa kitandani." Nikamwomba tujaribu palepale, trekta linaunguruma. Akabonyeza, likaendelea kuunguruma. Injini yangu inazimwa kwa kuvuta waya wa kufunga mafuta, kwa hiyo relei yake, ile swichi ya umeme aliyofunga, ilikuwa inakata stata tu. Ingezuia kuwasha, isingesimamisha trekta lililoshawaka. Injini inayozimwa kwa umeme ni habari nyingine. Usimlipe mtu kabla hujaona likizima.

Faida niliyoipata zaidi kwenye GPS si ya wizi wa usiku, ni ya mchana. Nikikodisha najua trekta lilifanya kazi saa ngapi na kwenye shamba lipi, nalinganisha na ekari nilizoletewa hesabu na dizeli iliyotumika. Dereva mwaminifu naye anaipenda, inamsafisha.

Taa na kamera

Taa ya sola yenye kuhisi mtu ni msaada pale tu penye mtu wa kuiona ikiwaka. Paneli yake ifutwe kila wiki, vumbi la Agosti halina huruma. Kamera nimeiweka mwisho kabisa. Inakula bando, na picha ya mtu aliyejifunika kikoi saa 8 usiku haijanirudishia diski. Mlinzi unayemlipa kwa wakati, aliye karibu na majirani, nampa nafasi kubwa kuliko vyote viwili.

Bima

Haizuii wizi, kwa hiyo sikuiweka kwenye mpangilio, lakini kama trekta ni la mkopo benki yenyewe huenda ikaidai. Bima ndogo ya mtu wa tatu hailipi chombo chako kikiibwa. Unahitaji bima kubwa. Stika ukishapewa, ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, siku hiyohiyo kabla hujaondoka kwa wakala. Muulize betri au tairi likiibwa peke yake inakuwaje, plau na trela vimo au havimo, na trekta likiwa limelala shambani bila mlinzi watalipa au hawatalipa. Akikujibu kwa mdomo, mwombe aandike.