Daktari wa mifugo anayekuja nyumbani, Buswelu (Mwanza): uzoefu wangu

Nampa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya simu: Jumapili hapokei, na ujumbe anajibu akijisikia.

Nilimwita kwa ajili ya watoto wa mbwa wa wiki tano. Wawili walikufa ghafla, mmoja akiwa ananyonya, na hakuna aliyeharisha wala kutapika. Majirani walishatoa hukumu: sumu ya panya. Kwenye duka la pembejeo waliniuzia dawa ya minyoo bila hata kuuliza umri. Huyu alianza na umri, kisha chanjo za mama yao. Kadi ilikuwa na kichaa cha mbwa peke yake, ile ya kampeni.

Alimpasua yule aliyekufa asubuhi, palepale uani juu ya kiroba. Moyo umetanuka, msuli una michirizi myeupe, mapafu yamejaa maji. Akasema anashuku pavo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, ila uhakika ni maabara waangalie kipande cha moyo kwa hadubini. Mimi pavo niliijua kwa kuhara damu. Kumbe virusi vyake hufuata seli zinazogawanyika kwa kasi. Mbwa akishakua kidogo, ni utumbo na uboho. Akiambukizwa tumboni mwa mama au siku za mwanzo za maisha, msuli wa moyo nao bado unajijenga, basi vinaingia humo. Mama aliyechanjwa hupitisha kinga kwenye maziwa ya kwanza, ndiyo maana pavo ya moyo siku hizi ni adimu kuliko ilipoibuka mwishoni mwa miaka ya 1970.

Waliobaki aliwasikiliza moyo mmoja mmoja, bila haraka, jogoo wa jirani akimpigia kelele sikioni. Mmoja mapigo yalikuwa yanarukaruka. Akanieleza wazi: huyu anaweza kuonekana mzima, halafu moyo ukamshinda miezi ijayo, na dripu nyingi zitamzidishia maji mapafuni. Angeweza kuniuzia dripu. Hakuniuzia. Hapa mjini ambako dripu ni jibu la kila kitu (hata kwa sisi watu), hapo ndipo alipozipata nyota zake.

Chanjo alizileta baadaye kwenye deli la barafu. Zinaanza wiki ya 6 hadi 8, zinarudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16, maana kinga ya mama ikiwa bado mwilini huweza kuizima chanjo. Banda tuliosha kwa sabuni, kisha jiki sehemu moja kwa maji sehemu 30.

Nauli anahesabu kando. Mkiwa Igombe, au ng'ambo ya Kamanga, jiandaeni. Kukata kucha msimwite, msaidizi wake ana mkono mzito. Kadi anajaza hadi namba ya bechi ya chanjo, ila daini kabla hajawasha pikipiki.