Njia za nyikani: miguu pekee, au na baiskeli?

Nchini Marekani sheria imeshaingia kwenye ubishi huu. Sheria ya Nyika ya mwaka 1964 inakataza usafiri wa kimakanika ndani ya nyika zilizotengwa, na mwaka 1984 Idara ya Misitu ikazitaja baiskeli waziwazi. Nje ya mipaka hiyo, njia nyingi hutumiwa na wote.

Kwenye udongo mkavu, tairi na buti hazipishani sana kwa uharibifu. Shida ni tope. Anayebana breki ya nyuma mteremkoni hufunga gurudumu na kuchora mfereji. Mvua ikija, maji hufuata humo humo na kuuchimba zaidi. Watembeao nao hukwepa dimbwi kwa pembeni, njia ikazidi kupanuka. Na farasi, anayeruhusiwa nyikani, kwato zake huchimbua kuliko wote wawili.

Kwa usalama, miguu inashinda. Baiskeli huja kimya na kwa kasi; kwenye kona yenye vichaka mtembeaji hana pa kukimbilia.

Kwa matunzo, wenye baiskeli wana lao: wengi hujitolea kuchimba mikondo ya maji.

Tahoe Rim Trail, njia inayozunguka Ziwa Tahoe mpakani mwa California na Nevada, kwenye kipande cha kati ya Tahoe Meadows na Tunnel Creek huruhusu baiskeli tarehe shufwa tu. Ukienda na watoto, chagua tarehe witiri. Njia ikiwa pana, kavu na inaonekana mbali, kuitumia pamoja hakuna ubaya. Ikiwa nyembamba yenye kona kali, iachiwe miguu.